Swali la Shosho

Shosho wangu ana miaka 72 na amekuwa na kisukari tangu nikiwa darasa la nne. Miaka hiyo yote alikuwa anameza vidonge, asubuhi na jioni, na maisha yakaendelea. Halafu mwaka jana daktari wa kliniki yake akamwambia vidonge peke yake havitoshi tena, inabidi aanze kujichoma insulini. Shosho akakataa. Hakupiga kelele. Alifunga kitambaa chake vizuri, akasema atafikiria, na tukarudi Githurai kwa matatu bila kuongea.

Sababu moja niliijua. Rafiki yake wa kanisani alianzishwa sindano, na kabla mwaka haujaisha akakatwa mguu. Kwa Shosho hesabu ni rahisi: sindano, kisha mguu, kisha kaburi. Lakini kuna kitu kingine kilichokuwa kimemkera zaidi. Daktari, akijaribu kumtuliza, alimweleza kwamba kisukari chake hakikuanza kwa kukosa insulini. Kwamba kwa miaka mingi mwili wake ulikuwa unatengeneza insulini ya kutosha, pengine hata kumshinda jirani asiye na ugonjwa, ila ulikuwa hauisikii.

"Wamejuaje?" Shosho aliniuliza jioni hiyo. "Kwani waliingia ndani wakaiona?"

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda, na siku hizi naandika chochote kinacholipa. Lakini swali lile lilikataa kuniacha. Nilidhani ni stori ya dakika tano kwa simu. Ikanipeleka hadi Bronx, New York, kwenye stoo ya mafagio, kwa mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kusikia jina lake.

*

Kwanza ile sehemu ambayo wengi tunaijua nusu nusu. Kabla ya 1922, mtoto akipatikana na kisukari, wazazi walikuwa wanaanza kumwomboleza akiwa hai. Dawa haikuwepo. Madaktari walichoweza ni kumpunguzia chakula hadi abaki mifupa, ili aongeze miezi michache. Katikati ya 1921, mjini Toronto, Kanada, daktari mpasuaji Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kutafuta kitu fulani ndani ya kongosho za mbwa, kwenye maabara ya Profesa John Macleod. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa dawa yao. Ya kwanza haikufanya kitu cha maana. Ya pili, iliyosafishwa na mwanakemia James Collip, ikashusha sukari yake.

Baada ya hapo insulini ikawa dawa ya duka, iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Watoto waliokuwa wanasubiri kufa wakarudi shule. Ni stori tamu, na ndiyo maana inasimuliwa kila mahali.

Lakini iliacha shimo. Kama kisukari ni kukosa insulini, mbona kuna watu wazima wanaougua polepole, miaka kumi, miaka ishirini, bila kufa haraka kama watoto wale? Mwaka wa 1936, daktari Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wagonjwa si wa aina moja. Wengine wakipewa insulini sukari inashuka mara moja. Wengine mwili unaipokea kwa shingo upande. Himsworth aliona mbali. Shida ni kwamba hakuna aliyeweza kuchukua damu ya mtu na kusema insulini iliyomo ni kiasi gani. Mtu akiwa hajala, kwenye mililita moja ya damu insulini haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kulikuwa na vipimo vya kutumia misuli ya panya, lakini vilikuwa vigumu na majibu yake hayakuaminika sana. Kwa hiyo kila daktari alikuwa na nadharia yake. Homoni ilikuwa kitu cha kukisia.

Swali la Shosho, basi, lilikuwa swali la madaktari wenyewe hadi miaka ya 1950. Utajuaje kama hukuiona?

*

Wakati Banting na Best wanahangaika na mbwa wao Toronto, tarehe 19 Julai 1921, msichana alizaliwa New York akaitwa Rosalyn Sussman. Wazazi wake hawakuwa wamesoma sekondari. Vitabu vya nyumbani vilikuwa vichache, kwa hiyo yeye na kaka yake Alexander walikuwa wanaenda maktaba ya umma kila wiki kurudisha walivyosoma na kuchukua vingine.

Akaingia Hunter, chuo cha wanawake cha jiji la New York ambacho wakati huo hakikuwa kinatoza karo. Hapo niliposoma nilisimama kidogo. Ukitaka kujua kilichompa dunia mtu huyu, anza na maktaba ya bure na chuo cha bure.

Januari 1939, Enrico Fermi alikuja Chuo Kikuu cha Columbia kuzungumzia kupasuliwa kwa kiini cha atomu, habari iliyokuwa mpya kabisa. Ukumbi ulijaa pomoni. Rosalyn alikuwa ndani, na akatoka akijua anataka fizikia ya nyuklia na si kitu kingine.

Sasa milango. Profesa wake aliandika barua kumtafutia nafasi ya masomo ya juu. Chuo cha Purdue kikajibu, kwa ufupi, kwamba msichana huyo anatoka New York, ni Myahudi, na ni mwanamke. Kama mnatuhakikishia atapata kazi baadaye, tutamchukua. Hakuna aliyeweza kuhakikisha. Wakampangia njia ya nyuma: awe katibu wa muda wa mwanasayansi mmoja pale Columbia, Rudolf Schoenheimer, halafu labda aruhusiwe kuhudhuria masomo mawili matatu. Sharti lilikuwa ajifunze hati mkato. Akaanza kujifunza.

Februari 1941 ikafika barua kutoka Chuo Kikuu cha Illinois ikimpa nafasi ya kusoma huku akifundisha. Akachanachana vile vitabu vya hati mkato. Alipofika Illinois alikuta ni yeye tu mwanamke kati ya walimu 400 wa kitivo cha uhandisi, na wa kwanza tangu 1917. Wala hakuwa na udanganyifu kuhusu sababu: vita vilikuwa vinaanza kuchukua wanaume, viti vikabaki. Mwaka wa kwanza alipata A kila mahali isipokuwa somo moja la maabara, ambako alipata A-. Mkuu wa idara akasema hiyo A- ni ushahidi kwamba wanawake hawafai kwenye kazi za maabara.

Nimesoma makala nyingi zinazogeuza watu kama huyu kuwa bango la motisha: unaona, alikataliwa, akashinda, na wewe pambana. Watu wameshanipa hiyo hotuba tangu nitoke chuo. Lakini ukimfuata Rosalyn vizuri, hasemi shule haina maana. Kila mara alipopata mlango umefungwa, alitafuta mwingine wa jengo lilelile. Alitaka kuwa ndani, kwa sababu vifaa viko ndani. Na ni wangapi walioandikiwa barua kama ile ya Purdue, Illinois haikuwaandikia, na wakamaliza maisha wakichapa barua za watu wengine? Hao hawana makala.

*

Alipata shahada ya uzamifu Januari 1945. Alikuwa ameshaolewa na mwanafizikia mwenzake, Aaron Yalow, na sasa anaitwa Rosalyn Yalow. Akarudi New York, akafundisha Hunter, na Desemba 1947 akapata kazi ya muda kwenye Hospitali ya Wanajeshi Wastaafu ya Bronx. Hospitali ilitaka kujaribu matumizi ya mnururisho katika tiba. Ilimpa chumba kilichokuwa stoo ya mfagiaji. Humo, kwenye nafasi ya ndoo na mafagio, akaanzisha maabara, na vifaa vingine akavibuni mwenyewe kwa sababu vya kununua havikuwepo.

Alijua fizikia. Hakujua mwili wa binadamu. Mwaka wa 1950 akaja daktari kijana, Solomon Berson, mpiga fidla na mcheza sataranji, ambaye naye vyuo 21 vya udaktari vilikuwa vimemkataa kabla ya kimoja kumchukua. Hawa wawili walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Yeye Berson alimfundisha tiba, yeye Yalow akamfundisha hesabu na mnururisho, hadi ikawa vigumu kujua wazo lilikuwa la nani.

Mwaka wa 1952 mtafiti mmoja, Arthur Mirsky, alitoa nadharia: labda watu wazima wenye kisukari wanatengeneza insulini ya kutosha, ila ini lao linaivunja haraka mno. Yalow na Berson wakaona hilo linapimika. Walichukua insulini ya mnyama, wakaibandika iodini yenye mnururisho kama alama, wakawachoma watu, kisha wakafuatilia alama hiyo inapotea kwenye damu kwa kasi gani. Kama Mirsky yuko sahihi, kwa wagonjwa ingepotea upesi.

Ikawa kinyume. Kwa wagonjwa ilikawia. Na si kwa wagonjwa wote. Ni kwa wale waliokuwa wameshatumia insulini ya sindano. Aliyekuwa na kisukari lakini hajawahi kuchomwa, insulini yake ilipotea kama ya mtu mzima wa afya. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukuwa sababu. Kuna kitu kwenye damu ya waliochomwa kilichokuwa kinaishika insulini na kukataa kuiachia.

Walisema ni kingamwili, askari wale wale ambao mwili unawatuma dhidi ya vijidudu. Mwili ulikuwa umeiona insulini ya ng'ombe na nguruwe, ukaitambua kuwa ni mgeni.

Leo inasikika kama jambo la kawaida. Wakati huo wataalamu waliamini insulini ni protini ndogo mno kuweza kuamsha kingamwili. Jarida la Science likaikataa makala yao. Jarida la Journal of Clinical Investigation nalo likaikataa, kisha likakubali kuichapisha 1956 kwa masharti, moja likiwa kwamba neno kingamwili liondolewe kwenye kichwa. Wakaliondoa. Badala yake wakaandika kitu kirefu kuhusu globulini inayoshika insulini, ambacho maana yake ni hiyo hiyo. Ile barua ya kukataliwa Yalow aliiweka.

*

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitaieleza jinsi nilivyomweleza Shosho, kwa matatu.

Chukua matatu ya abiria 14. Viti ndivyo kingamwili. Stejini uweke abiria 14 wenye kofia nyekundu. Hao ndio insulini yenye alama ya mnururisho. Kama hakuna mtu mwingine pale, kofia nyekundu zote zinapata kiti. Sasa waje abiria wengine wasio na kofia, hiyo ndiyo insulini ya kawaida iliyo kwenye damu ya mgonjwa. Wote wanasukumana mlangoni, na kiti hakijali kofia. Matatu ikiondoka, wewe huhitaji kuhesabu waliokuja bila kofia. Hesabu kofia nyekundu zilizoachwa stejini. Zikiwa chache, watu waliokuja ni wachache. Zikiwa nyingi, walikuja kwa kishindo.

Mnururisho ni rahisi kuhesabu hata ukiwa kidogo sana, kwa hiyo kofia zinaonekana pale ambapo abiria wenyewe hawaonekani. Walianza na swali la ini, wakagongana na kingamwili ambazo hakuna aliyeziamini, kisha wakazigeuza kingamwili hizo hizo kuwa chombo cha kupimia. Mbinu ikaitwa radioimunoasei. Mwaka wa 1960 walichapisha makala kamili ya jinsi ya kupima insulini ya mtu mwenyewe kwenye damu yake, kwa tone dogo tu lililotolewa mkononi, bila kumchoma chochote chenye mnururisho.

Na majibu? Walipopima watu wazima wenye kisukari cha polepole, wengi walikuwa na insulini. Baada ya kunywa glukosi, wengine walikuwa nayo kwa wingi kuliko watu wasio na ugonjwa, na bado sukari yao ilikuwa juu. Alichokisia Himsworth mwaka wa 1936 sasa kilikuwa na namba. Insulini inafika mlangoni, inabisha, na mwili haufungui.

Wamejuaje, Shosho? Hawakuingia ndani. Walihesabu walioachwa stejini.

Hawakuichukulia hataza. Wangeweza, na wangekuwa matajiri, maana muda si mrefu maabara kila mahali zilikuwa zinaitumia. Badala yake walikaribisha watafiti kwenye maabara yao Bronx, wakawafundisha, wakawaacha waende nayo. Ilitumika kupima homoni ya ukuaji kwa watoto waliodumaa, kupima homoni za tezi la shingo kwa watoto wachanga ili watibiwe kabla akili haijaathirika, na kukagua damu ya kuchangiwa isiwe na homa ya ini aina ya B. Siku hizi maabara nyingi hutumia alama zisizo na mnururisho, lakini nyingi bado zinategemea kingamwili na alama ya kuhesabu.

*

Solomon Berson alikufa ghafla kwa moyo Aprili 1972, akiwa na miaka 53. Nobel haipewi marehemu. Watu wengi waliokuwa wanawajua waliona Berson ndiye kichwa na Yalow ni mkono, mwanafizikia wa kuhesabu, na wakadhani stori imeishia hapo. Yalow akaiita maabara jina la Berson, ili kila makala inayotoka humo iwe na jina lake, kisha akaendelea kufanya kazi na kuchapisha makala kwa makala bila yeye. Mwaka wa 1977 akapewa nusu ya Nobel ya tiba. Nusu nyingine ilikwenda kwa Roger Guillemin na Andrew Schally, ambao walitumia mbinu hiyo katika utafiti wao wa homoni za ubongo. Alikuwa mwanamke wa pili kupata Nobel hiyo, baada ya Gerty Cori mwaka wa 1947. Kwenye mhadhara wake wa Stockholm aliionyesha ile barua ya kukataliwa ya 1955.

Nimeipenda hiyo zaidi ya medali. Aliitunza miaka 22. Lakini pia nimejiuliza kuhusu wale waliomkataa. Hawakuwa wajinga. Walitaka ushahidi zaidi, na kuutaka ushahidi ndiyo kazi yao. Ugumu ni kutofautisha anayekuambia "leta ushahidi" na anayekuambia "wewe si mtu wa hapa." Rosalyn Yalow alikutana na wote wawili, na mara nyingine walikuwa mtu mmoja.

*

Nilimsimulia Shosho yote haya kwa jioni tatu, umeme ukipotea na kurudi. Nilimwambia na sehemu ngumu: kwamba kongosho inayobisha mlango usiofunguliwa inalazimika kutengeneza insulini zaidi na zaidi, na baada ya miaka mingi inachoka. Hapo ndipo vidonge vinaposhindwa. Sindano haiji kumwadhibu kwa sababu ya chai yenye sukari, wala haimaanishi amefika mwisho. Inakuja kumsaidia mfanyakazi aliyechoka. Na rafiki yake wa kanisani, mguu wake uliharibiwa na sukari iliyokaa juu miaka mingi kabla ya sindano. Sindano ndiyo iliyochelewa.

Sijui ni sehemu gani ilimwingia. Kwa miaka mingi sisi wa nyumbani tumemchungulia sahani yake kama polisi. Ugali ukizidi, tunaangaliana. Mjomba aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba ugonjwa ameujitafutia kwa mdomo. Chakula kina sehemu yake, hakuna anayebisha. Lakini nilipomwambia kwamba kulikuwa na watu waliopima damu ya watu kama yeye wakakuta mwili ulikuwa unajitahidi kuliko wa wengine, alinyamaza sana. Akaniambia nirudie hapo.

Nikarudia.

"Huyo mama," akauliza baadaye, "alikuwa na watoto?"

Wawili, nikamwambia. Mvulana na msichana.

"Na nani alikuwa anawapikia, kama yeye yuko na mafagio huko hospitalini?"

Nikamwambia yeye mwenyewe. Alikuwa anarudi nyumbani anapika, halafu anarudi maabara usiku. Shosho akatikisa kichwa, si kwa kumsifu hasa. Kama mtu anayemjua. Kisha akaniambia nimtolee ile karatasi ya kliniki kutoka kabatini, nimsomee tena tarehe.

Tulienda Jumanne. Nesi alimwonyesha jinsi ya kushika ile kalamu ya insulini, jinsi ya kugeuza namba, na mahali pa kuchoma tumboni. Mkono ulimtetemeka. Mara ya kwanza nilimshikia mimi. Siku hizi anajichoma mwenyewe kabla ya kulala, na akimaliza anaandika tarehe na kipimo cha sukari kwenye kijitabu, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule darasa la tano. Mjomba akija kutembea, Shosho anamwekea kile kijitabu mbele yake mezani, hata kabla ya chai.